Somoe Alivyomchimbia Mumewe Kaburi Chewani

Kachimbiwa kaburi mtu mzima wa afya, nyie! Na aliyemchimbia ni mkewe!

Ngojeni nikae vizuri. Hii kanipa bibi jana hapa Tegeta, na huyo mke ndiye mama yake mzazi. Somoe.

Enzi za Mwingereza, Somoe alikuwa anaishi Chewani, huko chini kwenye mikoko. Vibanda vya wavuvi vichache tu. Leo pamebaki mchanga.

Siku hiyo wanaume wako baharini, akaja Bwana Shauri, mzungu wa serikali. Mkalimani wake, Ansbert, kijana wa Bukoba.

"Bwana anasema hapa ni dago, kambi ya kuvulia tu. Mnahama."

Somoe akatoka jikoni na unga mikononi. "Dago? Mie nimezaliwa hapa!"

"Basi makaburi yenu yako wapi? Anasema wenye mji huzika."

Jamani, Chewani hawakuwaga wanazika! Maji makubwa ya bamvua yakijaa yanapenya mpaka chini ya mchanga, na nani anataka mama yake alale kwenye maji? Wafu wao waliwavusha kwa ngalawa, wakawazika ng'ambo kwenye udongo mkavu.

Heshima ikageuka kesi.

"Atarudi Ijumaa," Ansbert akasema. "Asipoona kaburi, vibanda vinachomwa."

Somoe akachukua jembe.

"We mwana, una wazimu?" Mauwa, mama mkwe wake, akamshika mkono. "Kaburi halichimbwi bila mtu! Litamtafuta mwenyewe. Angalau fukia mgomba badala ya maiti."

"Mgomba niutoe wapi kwenye chumvi hii, mama? Mie sihami."

Akafukia hewa.

Ijumaa mzungu akasimama pale. Ansbert akauliza, "Marehemu nani?"

Weee! Jina hakuliandaa. Kila linalomjia, mwenyewe kasimama pale anamtolea macho. Akamtaja asiyekuwepo.

"Chande. Mume wangu."

Mauwa akapiga ukelele. "Mwongo! Mwanangu mzima, yuko baharini!"

Wote wakaganda. Ansbert akamwangalia Somoe, kisha akamgeukia bosi wake, akasema Kizungu kidogo.

Mzungu akavua kofia.

"Nimemwambia mama ana uchungu, hataki kuamini," Ansbert akanong'ona. "Bakini."

Ushindi, si ndiyo? Subirini.

Chande karudi na samaki changu begani. Watoto wakamkimbia wakidhani mzimu. Mama yake akampapasa uso kama kipofu.

"Kuna nini, mama?"

"Mkeo kakuzika."

Chande akaenda, akalitazama lile tuta, akalipima kwa macho.

"Somoe, mbona urefu wangu?"

"Nilichimba tu la mtu."

"Mtu gani?"

Samaki hakuliwa. Asubuhi Chande akabeba nyavu na mama yake, akaondoka. Jirani naye akafunga virago, maana kaburi lenye njaa likimkosa Chande litamtaka nani? Nyumba moja, nyingine, nyingine.

Mzungu hakumhamisha mtu. Chewani ilibaki yao, hayupo wa kuikalia. Somoe peke yake, mimba tumboni, anaita jioni na hakuna anayeitika.

Mie nimejifunza hivi: usiokoe nyumba kwa kumtoa aliyemo ndani. Utabaki na kuta.

Sasa aliyekuja kumpigia hodi si Chande. Ni Ansbert, peke yake, bila mzungu! Alichokuja kumwomba, bibi kanisimulia mpaka akalia, na mie siwezi kukiandika leo na macho haya. Kesho nikiamka nawamwagia chote.