Radio kwenye Kitambaa cha Altare

Nilijifunza kudarizi kwa masista, kwenye foyer, shule yao ya kazi za mikono kwa wasichana, kabla sijaolewa, na kwa miaka mingi hapakuwa na mwanamke mtaani kwetu Bagira aliyenishinda. Siwezi kulisema hili kwa unyenyekevu, kwa sababu wakati ule sikuwa nao. Mawaridi yangu yalikuwa na kivuli. Majani yangu yalikuwa na mishipa. Bibi harusi akitaka mashuka alikuja kwangu, na mtoto akibatizwa, kofia yake ilitoka mikononi mwangu.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, tulipokuwa tumeacha majina ya ubatizo na padiri mwenyewe akiitwa citoyen, yaani mwananchi, barabarani. Jumapili moja akatangaza kwamba kitambaa cha altare kimechakaa, na kwamba maman yeyote mwenye uwezo alete kipya kabla ya sikukuu ya parokia. Kanisa zima likageuka kunitazama. Nilianza kazi siku iyo hiyo: zabibu na masuke ya ngano, kwa uzi wa rangi ya dhahabu. Nilikaa nacho miezi miwili.

Jirani yangu, tuliyetenganishwa naye na ukuta mmoja tu, alikuwa fundi wa radio. Kazi hiyo ilikuwa ya mume wake, ila mume alikwenda Kamituga kutafuta dhahabu na hakurudi, akaacha meza imejaa radio zilizofunguliwa matumbo. Wenye radio walipokuja kudai vitu vyao, mwanamke huyu akaanza kuzitengeneza mwenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka wateja wakamzoea. Sikuwahi kumwona ameshika sindano. Nilimwona na chuma chake cha kulehemu, moshi ukimwingia machoni.

Siku ya sikukuu, vitambaa vilivyoletwa vilikuwa viwili. Changu na chake.

Chake hakikuwa na ua hata moja. Kilikuwa na mistari iliyonyooka, mingine ya buluu, mingine myekundu, inayokata kona kali na kukutana kwenye vitone vidogo. Hapa palikuwa na meno kama ya msumeno, pale duara lenye vijiti vitatu ndani, pale vijistari viwili vinavyotazamana bila kugusana. Kila mshono ulikuwa sawa na mwenzake. Nilitafuta kosa, sikuliona.

Watu walisogea karibu kwanza. Kisha muzee mmoja wa kwaya akasema, "Hii njo Yerusalemu ya mbinguni. Muone barabara zake!"

Basi ikawa Yerusalemu. Padiri akakitandika chake juu ya altare. Changu akakiweka kwenye meza ndogo ya pembeni, ile ya vichupa vya maji na divai.

Sijui niseme nini juu ya wiki zilizofuata. Nilikuwa nikienda misa kutazama kitambaa. Wakati wa kuinua ekaristi, wenzangu wakiwa wameinamisha vichwa, mimi nilikuwa nafuata ule mstari mwekundu kwa macho, nikiuchukia. Na kilichonichoma zaidi ni wema wa wanawake. Walinisimamisha nje wakaniambia, "Maman, yako pia iko muzuri." Hiyo "pia" nilirudi nayo nyumbani kila Jumapili. Mume wangu akiniuliza kwa nini sili, nilisema tumbo.

Asubuhi moja nilikwenda kwa jirani kuomba kaa la moto. Aliniachia mlango akaenda nyuma ya nyumba kuchota. Juu ya meza palikuwa na kifuniko cha radio kubwa ya zamani, na ndani ya kifuniko palibandikwa karatasi. Mistari. Kona. Meno ya msumeno. Duara lenye vijiti vitatu.

Sikungoja hata moto. Nilikwenda moja kwa moja parokiani.

"Padiri," nikasema, "ile hapana Yerusalemu. Ile ni radio. Alikopi karatasi ya radio, akaitia ku altare ya Mungu!"

Padiri alinitazama, kisha akavaa miwani na kuingia kanisani kwa haraka, mimi nyuma yake, nikijua sasa kitaondolewa. Aliinama juu ya kitambaa akafuata mistari kwa kidole. "Antena," akasema. "Hapa sauti inaingia. Hapa inaongezwa nguvu. Na hapa, maman, ona, hapa inatokea!" Akacheka mpaka akashika kiuno. Kumbe alipokuwa seminari alikuwa na wazimu wa radio, akiziunda kwenye makopo ya sardini. "Na miye nilitandika hii kitu kila siku, sikuona!"

Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya kupokea sauti. Mwalimu wa fizikia akaleta wanafunzi wake kutoka mjini, wakasimama mbele ya altare na madaftari, wakinakili. Wanawake wakaanza kumwomba jirani awashonee: foronya yenye radio, kitambaa cha kubebea mtoto chenye radio. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango huo, kwa ulimi wangu mwenyewe.

Kufua vitambaa vya kanisa tulipokezana. Ilipofika zamu yangu, nilikifua, nikakianika uani, nikakaa mbele yake na sindano. Nilikuwa peke yangu. Nilichagua mstari mwekundu, karibu na kona, nikafumua urefu wa vidole vitatu. Nikapiga pasi mahali pale mpaka matundu yakajifunga. Nani angeona? Sikusita, na hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo.

Jumapili jirani alikuwa benchi la tatu. Wakati wa matoleo nikamwona ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza. Baada ya misa alibisha kwangu, kitambaa mkononi. Alikuwa amekiomba kwa padiri.

"Maman," akasema, "hii radio haitalia tena. Walikata pahali umeme inaingiaka."

"Labda panya."

"Panya anakula. Hafumuake."

Hakupandisha sauti. Alikunjua kitambaa mapajani mwangu, akanipa uzi mwekundu. Nikashona, kwa sababu sikujua la kufanya jingine. Nilipomaliza akatikisa kichwa: nilikuwa nimeuunganisha kwenye kitone kisicho chake. Nikafumua, nikaanza upya, yeye akinionyesha kwa ukucha mstari unakotoka na unakokwenda.

"Kwa nini haukushona maua, kama watu wote?" nikamuuliza. Niliuliza kwa ukali.

"Masista hawakunifunda," akasema. "Bwana wangu alipoenda, sikujua kusoma hata kidogo. Nilikuwa nafuata ile karatasi na kidole kila siku, mpaka nikaisikia. Ni ile tu njo najua kuchora."

Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Mawaridi yako, nilijaribu mara mbili. Ilitoka kama kabichi."

Nilicheka, naye akacheka. Nikamwambia ni mimi niliyefumua. "Najua," akasema, na akaanza kukunja kitambaa.

Hatukuwa marafiki wa kushinda pamoja. Lakini alinifundisha kusoma zile alama, nami nikamfundisha kivuli cha ua, ingawa maua yake yalibaki na kona. Miaka michache baadaye bibi harusi mmoja wa mtaa wa Muhumba alikuja kwangu akitaka mashuka. Alikunywa chai yangu, akapapasa mawaridi yangu, akayasifu, halafu akauliza kama ninaweza kushona "ile ya radio". Ningeweza. Nilikuwa najua kila mstari.

Nikamwambia anayejua yuko mlango unaofuata. Nilimsindikiza mpaka pale, nikabisha mwenyewe, nikawaacha. Kupitia ukutani nilisikia wanavyochagua rangi, na moyo uliniuma vilevile kama siku ile ya sikukuu.