Kadi ya Sigara Siku ya Posa

Chekeni tu. Shule niliiacha mapema, lakini sigara naijua, na nyumbani kwangu hapa Bloomington haiingii. Basi kijana aliyekuja kumposa binti yangu akanipa zawadi, kadi ya zamani yenye picha ya mchezaji wa besiboli. Kuigeuza, nyuma kuna tangazo la sigara! Nikaichana mbele ya wazee wake.

"Unaniletea tumbaku kwenye posa?"

Binti yangu akajishika kichwa. "Baba! Huyo mchezaji aliichukia tumbaku kama wewe. Aligombana na wenye kiwanda cha sigara waiondoe picha yake kwenye kadi walizotia ndani ya pakiti. Mimi ndiye niliyemwambia mchumba wangu akutafutie kadi hiyo."

Mjomba wa kijana akaanza kutafuta koti lake. Nami, mtu mzima na ndevu zangu, nikamwita mke wangu jikoni, "Mama Neema, gundi iko wapi?"