Ziwa la Marjolaine

Kazi ya Marjolaine Gaudreault ilikuwa kuamua ni lini mchezaji apumzike. Wengine pale studio ya magemu walichora milima, wengine walitengeneza panga na nyuso, mimi nilirekodi sauti. Yeye alisimama mbele ya ubao mweupe akichora mstari unaopanda na kushuka. Ulipopanda, mchezaji alipigana. Ulipoteremka, alivuta pumzi. Gemu ambalo mstari wake unapanda tu, alikuwa akisema, halimtishi mtu. Baada ya muda mchezaji anapiga miayo huku panga zikimpita puani.

Hayo hakuyapata chuoni. Alikulia Abitibi, kaskazini kwenye baridi kali, katika mji wa kiwanda cha karatasi, na mama yake aliuza kahawa na chipsi kwenye uwanja wa hoki ya barafuni. Utoto wake wote aliwatazama wachezaji wakiruka kuingia barafuni, wakitoka wakihema, wakikaa benchi vichwa vimeinama huku wenzao wakipokea zamu. Watu wote walitazama goli. Yeye alitazama benchi. Kocha mbaya, aliniambia siku moja tukipasha moto vyakula vyetu jikoni, ni yule anayesahau watu barafuni.

Kwa miaka mingi alipanga mwendo wa vita vya wengine. Kisha likaja gemu la dada wawili wanaokimbia nchi inayoungua. Katikati ya hadithi, darajani, mdogo anaanguka na kufa. Hapo Marjolaine, ambaye hakuwa na mazoea ya kuomba, aliomba kitu kimoja kiwe chake. Baada ya daraja aliweka ziwa lililoganda, na dada mkubwa angelivuka peke yake. Hakungekuwa na adui, wala muziki, wala neno. Theluji tu na hatua zake. Aliyetaka kulia, apate mahali pa kulilia.

Yanick Bellerose, mkuu wa mradi, hakulipenda wazo hilo. Ni mtu mwema, lakini ukimya unamwasha kama upupu. Walibishana majira ya joto yote, hadi Yanick akachoka.

"Haya, Marjo, chukua ziwa lako," alisema. "Watu wakisinzia humo, blanketi utawafunika wewe."

Basi akalitengeneza. Alilipanua, akaona limezidi, akalipunguza, akalirudisha. Alikuja mezani kwangu kulalamika kwamba hatua nilizorekodi kwa kutembea thelujini nyuma ya reli ya treni zilikuwa na furaha mno, nami nikatoka tena na buti nzito zaidi. Alipolimaliza alinikalisha kando yake, akalivuka huku nikitazama. Ulikuwa ukimya wa kadiri yake kabisa. Mtu alifika ng'ambo wakati uleule moyo ulipokuwa unaanza kutaka kufika.

Majaribio yalifanyika Februari. Chumba cha majaribio kina kioo kikubwa: anayecheza anajiona mwenyewe, na sisi upande wa pili tunamwona yeye. Sheria yake ni moja. Aliye nyuma ya kioo hasemi na mchezaji, hata mchezaji akipotea, hata akitukana. Gemu likishanunuliwa, mtengenezaji hataingia sebuleni mwa mtu kumwelekeza. Odile, msimamizi wa chumba hicho, aliishika sheria hiyo kama mlinzi wa benki.

Mchezaji wa asubuhi ile aliitwa Réal, dereva wa greda la kuondoa theluji barabarani, mtu mpana mwenye ndevu, aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu. Alicheza vizuri. Aliwacheka askari aliowaangusha, akawaita majina ambayo sitayaandika. Darajani, mdogo alipoanguka, aliacha kucheka. Akavua kofia yake, akaiweka gotini.

Marjolaine alinishika mkono.

Ziwa likafunguka. Réal akaanza kutembea. Mabega yake, yaliyokuwa masikioni tangu vita vianze, yakashuka taratibu, na Marjolaine akaitikia kidogo kwa kichwa, kama mpishi anayeona sufuria imechemka inavyotakiwa. Réal akatembea. Theluji ikaanguka. Akatembea tena. Akabonyeza vitufe vya pedi ya kuchezea kimoja kimoja akitafuta cha kukimbilia, asikipate. Akageuka kuangalia alikotoka, akadhani amepotea, akarudi nyuma kidogo, kisha akaendelea. Mwisho akaiegemeza pedi kwenye paja, akawa anakisukuma kijiti cha kutembelea kwa kidole gumba, na kwa mkono mwingine akatoa simu.

"Mwanangu," akaiambia simu, akimrekodia mtu ujumbe, "nimetoka kusukuma theluji usiku kucha, sasa wananilipa niitembelee kwa miguu. Mwambie mama yako maharage nayataka moto. Hapa sijui nitatoka lini."

Odile aliuma mdomo asicheke. Marjolaine hakusikia kichekesho. Alikuwa amesogea hadi pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

"Kwa nini yuko taratibu hivi?" aliuliza. "Mashine imeharibika?"

"Haijaharibika," Odile alisema. "Hiyo ndiyo kasi ya mchezaji."

"Mimi nimelivuka ziwa hili mara ngapi, Odile. Si hivi."

"Umelivuka umebonyeza nini?"

Nilimwona Marjolaine akiutazama mkono wake wa kushoto. Kwenye kibodi zetu kuna kitufe ambacho mnunuzi hatakipata kamwe. Ukikishikilia, unatembea mara tatu ya mwendo wa kawaida. Tuliwekewa ili mtu asipoteze siku nzima kufika kwenye mlango anaotaka kuukagua, na wote tunakibonyeza kwa kidole kidogo bila kujua, kama mtu anavyokunja miguu akikaa. Yeye alilipima ziwa lake lote kidole kikiwa pale. Mimi nilikaa kando yake siku ile na sikukiona. Yanick alilikagua, naye hivyohivyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulitembea.

Marjolaine alitaka kugonga kioo. Sijui angemwambia nini Réal. Labda avumilie, labda amwombe radhi. Odile aliweka kiganja begani mwake, akakiacha hapo. Upande wa pili yule dereva alikuwa akitembea huku akisoma habari za hoki, na dada mkubwa, kichwa kikiwa kimeangalia pembeni, alikuwa akielekea kwenye ukuta wa mlima. Aliufikia. Akabaki anatembea palepale, uso kwenye jiwe, na Réal hakujua.

Mchana Marjolaine alienda kwa Yanick kuomba ziwa lipunguzwe. Lakini umbo la nchi ya gemu lilikuwa limeshafungwa, halibadilishwi tena. Milima iliyolizunguka ilionekana kutoka sehemu nyingine za gemu, na kuivuta karibu kungevunja kazi za watu wengi. Akaomba dada aongezwe mwendo. Walijaribu mbele yake, na mwanamke aliyefiwa akateleza juu ya theluji kama friji lenye magurudumu. Yanick hakumcheka. Ingekuwa nafuu kama angemcheka.

"Kuna mawili," alisema. "Skrini iwe nyeusi, mtu ajikute ng'ambo. Au tuweke mbwa mwitu. Mbwa mwitu tunao tayari, wa msituni."

Marjolaine aliomba apewe mchana ule tu.

Akaja mezani kwake, akasukuma kibodi mbali, akachukua pedi kama mnunuzi yeyote. Nilivuta kiti. Akaanza kutembea. Mwanzo ulikuwa mzuri, mzuri kuliko nilivyokumbuka. Nilisikia kila hatua niliyorekodi. Kisha hatua zikawa hatua tu. Ufuko wa ng'ambo ulikuwa mstari wa kijivu usiokua. Nilianza kufikiria gari langu lilivyoegeshwa, na kama limeshafukiwa na theluji. Nilimtazama. Kidole chake kidogo kilikuwa kinatafuta hewani kitufe kisichokuwepo.

Alisimama katikati ya ziwa.

"Mimi pia," alisema, "sitaki kufika."

Hakuwa na wa kumlaumu, na hakukuwa na kitu cha kutengeneza. Alikuwa anaijua kazi yake vya kutosha kuona kwamba Réal hakukosea.

Jioni Marjolaine alikubali mbwa mwitu. Yanick alijitolea kumpa mtu mwingine kazi ya kuwaweka, amwondolee uchungu. Marjolaine akakataa. Mtu mwingine, alisema, angewamwaga wote pamoja kama takataka. Akawaweka mwenyewe: wa kwanza kwa mbali, akionekana tu, wa pili, mlio bila mwili, kisha kundi, pale tu mchezaji anapoanza kuzoea.

Katika jaribio lililofuata alikuja msichana wa chuo cha uuguzi. Darajani alilia kidogo, na kabla hajafuta macho mlio ulisikika, akashika pedi kwa mikono miwili. Alipigana hadi ng'ambo akipiga kelele na kucheka. Jaribio lilipoisha, Odile alipoingia kumuuliza ni wapi palipompendeza zaidi, alijibu bila kufikiri kwamba ni pale ziwani.

Yanick aligeuka nyuma ya kioo, mwenye furaha ya kweli. "Umeona, Marjo?"

"Nimeona," alisema. "Yule mbwa mwitu wa pili amechelewa kidogo."

Akarudi mezani kumsogeza karibu na daraja.