Matope ya Mlangoni

Juma lililopita, kwenye ofisi ya teritware, yaani wilaya, huko Masisi, karani alimzuia mlangoni mama aliyekuja kuomba ruhusa ya kuuza maziwa ya jirani yake. Yeye hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na ndoo tu.

"Mama, na matope hiyo? Bwana Mukubwa hapendi!"

Akateka maji mtoni, akanawa miguu. Aliyemfuata kwenye foleni, naye ana matope miguuni, akasema, "Dada, na mimi unipe."

"Bure, kaka? Maji ilikuja yenyewe?"

Wakacheka, wakalipa, foleni nzima. Serikali hutuhubiria biashara kila siku. Safari hii ilitufundisha kwa kutufukuza mlangoni.

Karani akachungulia tena. "Mama, ingia, njo zamu yako."

"Ungoje kidogo, papa. Batu bangu bangali na matope."