Bonde la Uani

Ukuta ule niliujenga mwenyewe miaka ya dhiki, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, maana saruji ilikuwa ya kusikia tu. Nyumba yangu iko Moa, juu ya kilima kidogo, na ukuta ulizuia udongo wa ua usiporomoke. Nimeishia darasa la tatu, lakini nyumba ninayo. Wenye vyeti wengine wamepanga.

Biashara ilipofunguliwa na bidhaa zikapita mpakani Horohoro bila kujificha, masika moja ilifungua nyufa mbili uani, sambamba, toka jikoni hadi chooni. Ardhi ya katikati ikashuka. Ufa mmoja ulipita chini ya dirisha la mama yangu, naye hataki kusikia habari ya kuhama.

Jirani yangu, Mpemba, akasema, "Chini pana shimo. Jaza kifusi." Tukajaza. Ikashuka tena, na ufa wa dirishani ukapanuka.

Nilikuwa nimempangisha chumba kijana mpima miamba, wa wale waliokuja kutafuta mafuta. Jioni mke wangu alituletea mkate wa kumimina, bado wa moto. Kijana akaushika kingo mbili, akauvuta polepole. Ngozi ya juu ikapasuka mara mbili, kipande cha kati kikadidimia.

"Umeona, mzee? Hapana shimo. Ua umevutwa tu. Mabonde makubwa ya dunia hufanyika hivi, hata ya sayari nyingine za mawe. Hata kina cha bahari baina yetu na Pemba, ndivyo tunavyodhani."

"Kumbe ninyi ndio mliotusukuma," akasema jirani.

"Mlijivuta wenyewe, kwa kiburi cha karafuu," nikamtania.

Mama akasema, "Mnachezea mkate, na mimi nalala ukingoni."

Nilikuwa najiuliza, ua wangu unavutwa na nani? Nikafunga jiwe kwenye uzi, nikateremka, nikalining'iniza mbele ya ukuta. Ukuta ulikuwa umeinama kwa nje, na kifusi chetu kinazidi kuusukuma. Ukuta ukienda, ua unaufuata.

Asubuhi tulizoa kifusi, tukaubomoa. Uliniuma kuliko jino. Niliujenga upya, umeegemea kilima, una matundu ya kutolea maji.

Bonde nililiacha, kina chake magotini. Halikushuka tena. Mama alipanda magimbi humo, akawa anayatazama dirishani, chumbani mwake mwenyewe, mpaka alipofariki.