Jina la Kurudishiwa

Mwaka ule chuo kilifungwa na sisi wanafunzi tukarudishwa makwetu. Nilirudi Njombe na begi la vitabu na tabia ya kumwuliza kila mtu amejuaje anachokisema. Mama alivumilia. Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alivumilia mpaka siku nilipomwuliza mchungaji, mbele ya wageni, swali ambalo hata leo sioni kosa lake. Wageni walipoondoka aliniambia nitafute shughuli ya kunichosha.

Shughuli ilipatikana Makambako. Kulikuwa na tajiri mmoja wa malori, Mwislamu aliyehamia kutoka Tanga na kuishi na upepo wa pale miaka mingi bila kuuzoea, ambaye alikuwa ameanza kufadhili timu ya mpira. Zamani timu zilikuwa za mashirika ya umma. Kijana akijua mpira alipewa ajira ya ukarani au ulinzi, na mshahara ulikuja hata akivunjika mguu. Sasa mashirika yalikuwa yanapunguza watu, na mpira ulikuwa umeangukia mikononi mwa watu kama yeye. Rafiki yake katika klabu moja ya Dar es Salaam alimwambia kwamba wanaunda kikosi cha vijana wasiozidi miaka kumi na minane, watakaokaa kambini na kulipwa kwa kucheza tu. Neno hilo, kulipwa, lilikuwa jipya masikioni mwetu. Upande wetu ulipewa nafasi moja, na klabu ilitaka ripoti ya maandishi.

"Makocha wangu kazi yao kupiga kelele," tajiri aliniambia. "Wewe msomi, andika. Na usinipambie mtu. Nikipeleka garasa, sitasikilizwa tena."

Nilikubali siku hiyohiyo. Mpira niliujua kwa kuutazama na kwa kitabu kimoja cha ukocha nilichokisoma maktaba, lakini sikudhani kwamba kuna jambo ambalo mtu mwenye akili hawezi kulichunguza.

Kijana aliyesemwa na wote alitoka Yakobi. Alikuwa kiungo wa mguu wa kushoto. Nilimtazama mara tatu, asubuhi za baridi ambapo ukungu ulichelewa kupanda na wachezaji walianza mechi wakiwa wamekunja ngumi ndani ya mikono ya fulana. Hakuwa na mbio. Kabla mpira haujamfikia aligeuza shingo kidogo, mara moja kulia na mara moja kushoto, na ulipofika alikuwa ameshajua uende wapi. Mabeki wakubwa walimfuata na kukuta ameshauachia. Watu waliokaa karibu nami walikuwa wakicheka kila mara, kicheko cha mtu aliyeona mwenzake akiibiwa mchana kweupe. Mimi nilicheka pia mechi ya kwanza. Kisha nikajishtukia. Nikajiuliza kama kijana wa miaka kumi na saba anaweza kutulia namna ile.

Baada ya mechi nilimfuata pembeni mwa kiwanja. Aliniamkia shikamoo, ingawa nilikuwa na miaka ishirini na mitatu tu, na salamu ile ilinipendeza kuliko inavyostahili. Nilimwuliza umri.

"Kumi na saba, kaka."

"Umejuaje?"

Alicheka. "Mama ndiye alikuwepo. Anasema nilizaliwa mwaka wa kuhamia kijijini."

Nilimtazama usoni. Baridi ilikuwa imemkausha ngozi, mikono ilikuwa migumu kama ya baba mwenye watoto, na kidevuni ndevu zilikuwa zimeanza. Jibu la "mama anasema" halikunitosha. Wiki iliyofuata nilikwenda ofisi ya usharika wao. Karani, mzee mpole mwenye koti la sufu, alinifungulia kitabu cha ubatizo. Jina la kijana nililiona mapema: jina la babu, jina la baba, jina la mama, kila kitu sawasawa, ila tarehe ilikuwa ya miaka sita kabla ya mwaka aliousema. Karani alitaka kuendelea kufunua. Nilimshukuru, nikamwambia inatosha.

Nilimkuta kijana shambani, akichimba viazi na mama yake. Mama alinisalimu kamwene na kuendelea na jembe. Nilimvuta kijana kando na kumwuliza kama jina lile ni lake kweli.

"Ni langu," alisema. "Nimerudishiwa."

Aliinama akaokota kiazi, akakifuta udongo kwa kidole gumba. Sikumwuliza nani amemrudishia, wala limerudi kutoka wapi.

Lazima nieleze nilichosikia mimi. Siku zile kila mtu alijua habari ya kurudia darasa la saba. Mtoto akishindwa mtihani, wazazi walimpeleka shule ya mbali, akakaa tena kwenye dawati kwa jina la mtoto mwingine aliyeacha shule au aliyehama. Wengine walifika sekondari na majina ya watu, na hata kwetu chuoni walikuwepo. Baba alipambana na jambo hilo miaka yake yote ya ualimu. Basi kijana aliposema amerudishiwa jina, nilisikia mtu aliyekuwa ameazima la mwingine, na sasa amerudi kwenye lake. Nikajenga hoja nikiwa njiani: ama umri si wake, ama jina si lake, na vyovyote iwavyo, si wa kupelekwa Dar es Salaam.

Ripoti ilikuwa na kurasa tatu. Kurasa mbili zilihusu umri. Tajiri aliisoma akiwa amekaa kwenye ngazi ya lori, akarudia ukurasa wa pili, kisha akaniuliza kama nina hakika. Nilimjibu kwamba kitabu cha kanisa hakina sababu ya kumpendelea mtu.

"Haya," alisema. "Kama ni kitabu."

Nafasi alipewa winga mmoja wa Makambako. Chuo kilipofunguliwa niliondoka nikijisikia mtu aliyefanya kazi safi, na bwenini nilisimulia kisa kile mara kadhaa, kama mfano wa jinsi nchi inavyoweza kuendeshwa kwa kupima mambo badala ya kusikia tu.

Miaka miwili baadaye nilikuwa nimemaliza masomo na nipo nyumbani tena, kwa sababu serikali ilikuwa imeacha kumpangia kila mhitimu kazi. Bibi yake yule kijana akafariki, na mama yangu akaniomba nimsindikize Yakobi kutoa pole. Tulipewa chai. Mama wa kijana alikuwa akimweleza mama yangu walikomzika bibi: si kijijini, ila kule mahame, walikoishi kabla ya kuhamishwa, karibu na mjukuu.

"Mjukuu yupi?" mama yangu aliuliza.

"Mtoto wangu wa kwanza, mama mwalimu. Alikuwa na miaka mitano, surua ikamchukua. Tulipohamia huku nikapata huyu wa mpira. Babu yake akasema jina lisipotee, lirudi. Tukamrudishia."

Alisema hivyo kama mtu anayesema amehamisha kigoda. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Nilimwuliza kama watoto wote wawili walibatizwa.

"Wote, mwanangu. Kitabu kimoja."

Kesho yake nilikwenda usharikani. Nataka kusema nilikwenda kuhakikisha, lakini ukweli ni kwamba nilikwenda nikitumaini yule mama amesema uongo, mama aliyetoka kumzika mkwewe. Karani alikuwa yuleyule. Safari hii nilimwacha afunue. Jina lilikuwepo tena, kurasa chache tu mbele, la babu, la baba, la mama, kwa wino mwingine, mwaka wa kuhamia kijijini.

Nilipanda basi la Makambako. Tajiri alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kikosi kile kimeshajaa na kijana sasa ana miaka kumi na tisa, hawamchukui. Nilimwuliza alimwambia nini kijana wakati ule.

"Nilimwambia hakufaa. Ningemwambiaje kwamba ni mwongo? Ana mama yake." Alitazama pembeni. "Mpira ameacha. Yuko kwenye mbao, pale karibu na stesheni."

Nilijua kwamba ninaweza kurudi Njombe na hakuna ambaye angejua. Nililifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikaenda.

Alikuwa anapanga mbao na mwenzake, mmoja chini, mmoja juu ya rundo. Aliponiona aliruka chini, akaniamkia shikamoo ileile. Sikuweza kuiitikia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: kitabu, neno lake kule shambani, jinsi nilivyolisikia, kurasa mbili. Mwenzake aliacha kazi, akasikiliza pia, na sikumwomba aondoke.

Kijana alijipangusa vumbi la mbao mikononi taratibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Kwa hiyo hawakusema sijui mpira?"

"Hakuna aliyesema."

"Mimi nilidhani ni mpira." Aliketi kwenye ncha ya ubao. "Ile mechi ya tatu, na wale wa Uwemba. Nilipiga pasi kulia, na kushoto kulikuwa na mtu peke yake, kaka, peke yake kabisa. Nilimwona nikiwa nimeshauachia. Miaka miwili nasema ni ile. Hata nikiwa napanga hizi mbao, naipiga tena kushoto." Akaniangalia. "Na wewe uliiona?"

Ningeweza kumwambia niliiona na kwamba ilikuwa pasi nzuri. Angefurahi, na mimi ningepumua. Lakini mechi ile ya tatu sikuwa nautazama mpira. Nilikuwa nimesogea karibu na mstari, na kila alipopita nilikuwa nahesabu ndevu kwenye kidevu chake.

Nilimwambia hivyo. Alipitisha mkono kidevuni, akautazama, na mwenzake akamwita kwamba lori limefika.