Kiapo cha Baba Mdogo

Kijana wa steshenari aligeuza kompyuta ili na sisi tuone, akasema, "Dada, baba yenu yuko hai."

Nilidhani ananitania. Mezani kwake nilikuwa nimeweka vyeti vya vifo vya baba na mama, nilivyovitunza kwenye mfuko wa nailoni miaka yote. Mdogo wangu wa kike alikuwa amemaliza kidato cha sita, na tulikuwa tunaomba mkopo wa serikali ili aende chuo kikuu. Kila mtu mtaani kwetu Lizaboni alikuwa ameniambia kwamba yatima hababaishwi, anapata moja kwa moja.

"Huyu marehemu siye aliyeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha mdogo wako," kijana alisema, akaweka kidole. "Soma mwenyewe."

Nikasoma. Jina la baba lililoandikwa pale lilikuwa la baba mdogo. Nikakaa kwenye benchi la wateja bila kukaribishwa.

Baba mdogo anaishi kijijini, upande wa Madaba, analima mahindi. Siku ya kumaliza matanga ya mama alisimama mbele ya ukoo akasema kuanzia siku hiyo sisi ni watoto wake, na asimsikie mtu akituita yatima. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule nikabaki mjini na mdogo wangu, nikakaanga maandazi na kuuza. Mdogo wangu alipotakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa, baba mdogo ndiye aliyekwenda kukishughulikia. Walipomuuliza baba wa mtoto ni nani, akajibu ni yeye. Hakuona kama anadanganya. Kwetu, kumuuliza mtu kama mtoto anayemlea amemzaa ni kumtukana. Alipotuletea kile cheti tulipika wali, hatukukisoma.

Kijana alinieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha bibi yake kutumia simu. Kila mwombaji anapimwa uhitaji wake, na anayeangaliwa ni mzazi aliye kwenye karatasi, si dada anayekaanga maandazi. Mkopo wenyewe si zawadi, mdogo wangu atakuja kukatwa mshahara akianza kazi. Hilo halikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba dirisha la maombi lilikuwa karibu kufungwa, na mimi maandazi yangu yalitulisha na kulipa chumba tu, basi. Ada ya chuo sikuiweza hata ningekaanga usiku na mchana.

Kijana akainama, akapunguza sauti. "Kuna jamaa anatengeneza vyeti. Huyo mzee mnamfanya marehemu kwa karatasi tu. Wala hatasikia maumivu."

Mdogo wangu akanitazama. "Dada, wengine si wanafanya?"

Nilivikusanya vyeti vyangu, kimoja kikaanguka, nikakiokota, kikaanguka tena. Niliogopa polisi, ndiyo. Lakini niliogopa zaidi kumwandikia kifo mtu anayelima, anayekohoa asubuhi na kuuliza hali yetu kwa simu. Tumeshazika wawili. Nilihisi nikiiandika tu ile karatasi, simu ya msiba itapigwa kutoka Madaba.

Kesho yake nilipanda basi kwenda kwake. Njia nzima nilipanga maneno, na kila nilipoyapanga yalikuwa matusi. Baba mdogo, tuna shida, tunaomba ukaape kwamba mtoto uliyemlea si wako. Kijana wa steshenari alikuwa amenipa na njia hiyo, ila kwa kusitasita: kiapo mahakamani, kisha kwenda ofisi ya vizazi na vifo kurekebisha cheti. "Inachosha," alisema.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi na mama mdogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona una uso wa mtu aliyekimbizwa na nyuki?"

Nikamweleza. Mikono yake ilisimama juu ya gunzi. Mama mdogo ndiye aliyesema kwanza. "Si unaona? Umelea, wamekua, sasa wanakukana. Na mahakamani wanakupeleka!"

"Mama, si kumkana..."

"Sasa ni nini?"

Baba mdogo aliokota punje zilizotawanyika, moja moja. Mwisho akauliza, "Nikishaapa kwamba si wangu, siku akiposwa, mahari nani atapokea?"

Sikujua kama nicheke. Macho yake hayakuwa ya utani. Nilimuona mtu mzima ameogopa kama mimi, nami nikaogopa mara mbili: asipokubali, mdogo wangu atarudi kukaanga maandazi na mimi, akikubali, nitakuwa nimemwondolea mdogo wangu baba wa pili kwa mkono wangu. Nikaropoka.

"Baba, mjini wameniambia tukutengenezee cheti cha kifo."

"Cha nani?"

"Chako."

Alinitazama. Kisha akacheka hadi akakohoa, mama mdogo akampiga mgongo. "Kwa hiyo umepanda basi kuja kunipa taarifa za msiba wangu!" Akajifuta macho, akaokota gunzi lingine. "Hapana. Bora niape ningali hai."

Mahakamani tulisimama watatu mbele ya hakimu. Baba mdogo alivaa koti lake la kanisani, akashika Biblia. Karani alisoma, yeye akafuatisha, hadi akafika mahali pa kusema kwamba yeye si baba mzazi wa binti huyu. Akaishusha Biblia. Niliangalia mlango, nikawaza, sasa atatoka.

"Mheshimiwa," alisema, "naweza kuongeza neno?"

"Kiapo kina utaratibu wake, mzee," karani akadakia.

"Neno gani?" hakimu akauliza.

"Kwamba nimemlea. Na sijamaliza."

Hakimu alimwambia karani aandike. Ndipo baba mdogo akayasema yale maneno aliyokwamia, haraka, kama anayemeza dawa chungu.

Tulipotoka nje mdogo wangu alikuwa na aibu. Alimwambia baba mdogo "karibu maji", akamwambia "kwaheri", hakumwita baba wala jina lingine lolote. Baba mdogo naye hakuuliza. Akapanda basi akaenda zake.

Cheti kilirekebishwa, maombi tuliyatuma siku za mwisho. Majina ya kwanza yalipotoka, lake halikuwemo. Majina yaliyofuata, likawemo. Si gharama zote, lakini ada ilikuwemo, na nilipiga magoti palepale steshenari, kijana akanicheka.

Siku ya safari baba mdogo alikuja stendi na kiroba cha unga. Alisimama kando ya basi, kiroba begani, akasubiri kusalimiwa. Nilijua anachosubiri. Niliogopa kuliko siku ya mahakamani, maana hapa hakuna hakimu wa kumwomba.

Mdogo wangu akamsogelea, akapiga goti kidogo. "Shikamoo baba."

Aliteremsha kiroba kwanza.

"Marahaba."

"Na mahari utapokea wewe."

"Kasome kwanza," akasema, akageuka kutafuta mtu wa kupakia kiroba, na hakutugeukia tena mpaka basi lilipowashwa.